Afya ya Jamaa: Kuvu katika Vilango vya Moyo



Kuvu twaijua sote. Wakati wa mvua huota juu ya viatu vilivyosahauliwa chini ya kitanda, juu ya jalada la kitabu cha sala, na juu ya muhogo uliowekwa kabla ya kukauka vema. Hamira nayo ni ya ukoo huo huo, na kila tulapo mkate twala matunda ya kazi yake. Hata penisilini, iliyowaponya watoto wetu wengi, ilitoka katika kuvu: Alexander Fleming aliiona huko London mwaka 1928, ndani ya kisahani alimokuwa akiotesha bakteria. Basi leo hatuna nia ya kuitukana kuvu. Tunataka kueleza habari za siku ile ipoteapo njia, ikaingia katika damu ya mtu na kufanya makao moyoni mwake.

Maradhi haya si ya kila siku. Katika wagonjwa 100 ambao vilango vya mioyo yao vimeshikwa na vijidudu, pengine 2 au 3 tu wameshikwa na kuvu. Karibu wote wengine wameshikwa na bakteria. Mbona basi kuyapa nafasi katika gazeti la jamaa? Kwa sababu huua sana. Hata leo, pamoja na dawa zote zilizopatikana, karibu nusu ya wagonjwa hawaponi, na pengine hufa zaidi ya nusu. Tena, mgonjwa apatikanapo, ndugu zake huitwa kuamua mambo mazito kwa haraka, mara nyingi bila mtu kuwaeleza ni mambo gani.

Moyo una vyumba 4 na vilango 4. Vilango hivyo, ambavyo madaktari huviita vali, ni vipande vyembamba na laini vinavyofunguka ili damu ipite, kisha hujifunga ili isirudi nyuma. Hufanya hivyo mara 100,000 hivi kila siku, mchana na usiku, nasi hatuna habari. Kilango kizima ni laini, na kijidudu kipitacho hakipati pa kushika. Lakini kikiwa kimekwaruzwa au kukazwa na ugonjwa wa zamani, au kikiwa ni kilango cha bandia kilichowekwa na wapasuaji, damu huganda juu yake kidogo kidogo, na hapo ndipo kijidudu hupata kiti. Huku kwetu vilango vingi huharibika tangu utoto, kwa ile homa ya viungo ifuatayo maumivu ya koo yasiyotibiwa.

Kuvu ishikayo moyo mara nyingi ni ile iitwayo kandida. Haitoki mbali. Hukaa kinywani, tumboni na juu ya ngozi ya watu wazima wenye afya, wala haiwadhuru. Ndiyo hiyo iletayo utando mweupe ndani ya vinywa vya watoto wachanga, kama akina mama wajuavyo. Ya pili ni asperigilo, ambayo mbegu zake huelea hewani pamoja na mavumbi, nasi twazivuta kila siku bila kuugua. Mwili mzima huzilinda njia zake. Yafaa basi tuulize: ni nani aliyefungua mlango?

Mara nyingi mlango umefunguliwa na matibabu yenyewe. Mgonjwa aliyelala hospitali majuma mengi, mrija ukiwa ndani ya mshipa wake mkubwa. Mgonjwa aliyepewa antibiotiki kali kwa muda mrefu, hata bakteria wema wa tumboni wakafa na kuiachia kandida shamba lote. Mtu aliyepasuliwa moyo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye hawezi kunyonya na hulishwa kwa mshipa: hao ndio wanaonyemelewa. Katika miji wako pia vijana wanaojidunga madawa ya kulevya kwa sindano chafu. Hatusemi haya ili watu waikimbie hospitali. Mrija ule ule uwezao kuingiza kuvu umewaokoa wengi ambao wangekufa siku ile ile. Twasema ili mrija uwekwe kwa mikono iliyonawa, na uondolewe siku ile kazi yake inapokwisha.

Hapa tuna neno kwa wale wanaomwita mtu nyumbani awatundikie serumu kila wanapojisikia wamechoka. Serumu ni maji, chumvi na pengine sukari kidogo. Mtu awezaye kunywa uji hupata zaidi katika bakuli moja la uji, tena bila kutobolewa. Ni kweli kwamba serumu ya siku moja ni nadra kuleta maradhi tunayoyaeleza. Lakini desturi ya kufungua mishipa bila sababu, kwa vyombo ambavyo hakuna ajuaye vimelala wapi, ni desturi mbaya, na ingefaa iachwe. Kadhalika antibiotiki zinazouzwa sokoni moja moja kama karanga.

Ishara zake ni zipi? Kwanza homa isiyosikia dawa. Mgonjwa amepimwa malaria, ametibiwa, na homa ingali ikirudi. Anakonda, anatoka jasho usiku, anakosa pumzi akipanda kilima kidogo, pengine miguu inavimba. Ishara hizo ni za maradhi mengi, ndiyo sababu huchelewesha watu. Lakini iko ishara nyingine, nayo yataka kuangaliwa sana. Kuvu ikikaa juu ya kilango hujenga donge, na madonge yake huwa makubwa kuliko yale ya bakteria. Kipande kikikatika huchukuliwa na damu mpaka kifike mahali ambapo mshipa ni mwembamba kuliko chenyewe, na hapo huziba. Kikiziba ubongoni, mtu hupooza upande mmoja. Kikiziba pajani, mguu hugeuka baridi kwa ghafula, hupauka, huuma vikali, kisha hupoteza hisia.

Sasa fikirini yatokeayo katika kijiji au katika mtaa. Kijana alikuwa na homa tu. Asubuhi anaamka na mguu wa maiti. Watu husema mara moja: amekanyaga dawa, ametegewa, jirani fulani alimtazama vibaya. Mpiga ramli huitwa, jina la mtu hutajwa, na ndugu wawili waliokula pamoja miaka mingi hawasalimiani tena. Wakati huo wote nyama ya mguu inakufa, maana mguu usiopata damu huanza kuharibika katika muda wa saa 6 hivi. Aliyetupwa nje ya jamaa kwa neno la mpiga ramli hakuwa na kosa lo lote. Kilichoziba mshipa ni kipande cha kuvu kilichotoka moyoni, na mpasuaji akikitoa aweza kukiona kwa macho yake. Mkristu amwonaye mtu mwenye mguu wa namna hiyo na ampeleke hospitali saa ile ile, wala asisubiri kikao cha wazee.

Tena donge lile litolewalo mguuni lisitupwe. Lipelekwe maabara, likatazamwe kwa darubini. Imetokea mara nyingi kwamba donge la mguuni ndilo lililofunua siri ya moyo. Maana kuijua kuvu si rahisi. Huchukuliwa damu, mara kadhaa na katika mishipa mbalimbali, ikatiwa ndani ya vichupa vyenye chakula cha vijidudu, na watu husubiri siku kadhaa waone nini kitaota. Kandida mara nyingi huota. Asperigilo karibu haioti kamwe: mgonjwa anakufa nayo na vichupa vyote ni safi. Damu hiyo yafaa ichukuliwe kabla ya kuanza antibiotiki, kama hali ya mgonjwa yaruhusu, kwa kuwa dawa zilizomezwa ovyo huficha bakteria, na daktari hubaki hajui kama anafukuza bakteria au kuvu. Kisha iko mashine ichoráyo moyo kwa mawimbi ya sauti, bila kukata na bila maumivu, ambayo huonyesha donge likicheza juu ya kilango kama kitambaa kilichonaswa mlangoni. Daktari mwangalifu atatazama pia ndani ya macho, kwani kandida iliyo katika damu hupenda kutua humo na kuweza kumpofusha mtu.

Tuje kwenye matibabu yenyewe. Mtu aweza kuuliza kwa haki: kama penisilini yawashinda bakteria wengi, mbona kuvu ni ngumu hivi? Jibu lapendeza kulijua, hasa kwenu wanafunzi. Bakteria hawafanani nasi, kwa hiyo twaweza kuwapiga bila kujipiga. Kuvu, kwa namna ilivyoumbwa, ni jirani yetu wa karibu zaidi. Chembe zake zimejengwa kama chembe zetu, na sumu iiuayo mara nyingi hutujeruhi na sisi. Wenye elimu walitafuta kwa miaka mingi tofauti ndogo kati yake na sisi, wakaipata katika mafuta ya ngozi ya chembe: sisi tuna kolesteroli, kuvu ina ergosteroli. Mafuta hayo yanafanana kama mapacha, lakini si sawa kabisa.

Mwaka 1950 akina mama wawili wa Marekani, Elizabeth Hazen na Rachel Brown, walitangaza nistatini, waliyoipata katika kijidudu cha udongoni, wakaiita hivyo kwa heshima ya jimbo la New York walimofanya kazi. Yafaa kwa kinywa na ngozi, lakini haiwezi kutiwa katika damu. Miaka michache baadaye ikatokea amfoterisini B, nayo kutoka katika udongo, uliochotwa karibu na mto Orinoco katika nchi ya Venezuela. Hiyo ndiyo iliyoweza kuingia katika mshipa na kuifuata kuvu ndani ya mwili. Huikamata ergosteroli na kutoboa ngozi ya kuvu mpaka uhai wake uvuje. Walakini pacha wake, kolesteroli, naye huguswa. Mgonjwa hutetemeka, hupandwa na homa, figo huumia, na chumvi iitwayo potasiamu hupungua katika damu mpaka mapigo ya moyo yakavurugika. Ndugu wakimwona mgonjwa anatetemeka saa chache baada ya dawa wasidhani kwamba ameuawa. Wamwite mwuguzi, naye anayo ya kufanya. Siku hizi iko amfoterisini iliyofungwa ndani ya vitone vidogo vya mafuta, nayo haiumizi figo sana, ila ni ya gharama.

Kwa kandida, madaktari huanza na hiyo amfoterisini ya mafuta, mara nyingine pamoja na flusitosini, au hutumia dawa za jamii nyingine kama kaspofungini kwa kipimo kikubwa. Kwa asperigilo hutumia hasa vorikonazoli. Muda wake si juma moja wala mawili. Ni majuma 6 au zaidi baada ya upasuaji.

Ndiyo, upasuaji. Hapa ndipo jamaa nyingi hushtuka. Donge la kuvu halina mishipa ya damu ndani yake, na kilango chenyewe karibu hakina. Dawa husafiri katika damu, hulamba uso wa donge na kupita, kama mvua ipitayo juu ya jiwe. Ndani kuvu imejijengea utando wa kujikinga, nayo hungoja. Kwa sababu hiyo madaktari wa moyo hushauri karibu daima kwamba kilango kilichoshikwa kitolewe na kingine kiwekwe mahali pake, mapema, kabla hakijarusha vipande. Jambo hilo halikuwezekana hata kidogo kwa babu zetu. Mwaka 1960 Albert Starr, katika jimbo la Oregon huko Marekani, aliweka kilango cha bandia alichokibuni pamoja na mhandisi Lowell Edwards. Na mwaka 1961 madaktari wengine wa Marekani walitangaza mgonjwa wao aliyeponywa kandida ya moyo kwa kupasuliwa. Kabla ya hapo maradhi haya yalikuwa njia ya kaburini.

Kilango kipya ama ni cha madini, ama ni cha nguruwe au ng'ombe, kilichotengenezwa kwa dawa. Wapo wanaosita kwa sababu ya mwiko wa ukoo juu ya nguruwe. Wajue kwamba mnyama yule hatoi kitu cho chote cha roho yake. Ni kipande cha ngozi tu kifanyacho kazi ya mlango.

Upasuaji wa kufungua moyo haufanyiki katika hospitali za wilaya, wala katika hospitali nyingi kubwa. Kwa sisi wa mashariki ya Kongo pako Kigali, pako Nairobi, pako Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete huko Dar es Salaam. Wengine hufika hata India. Mashua, gari, ndege, kitanda, damu, dawa: vyote vina bei. Ndipo huzuka swali ambalo jamaa huogopa kulisema kwa sauti: je, ni dhambi tusipompeleka? Je, tuuze shamba, watoto waache shule, kwa ajili ya mgonjwa ambaye pengine atakufa hata hivyo?

Twalijibu bila kuzunguka, kwa sababu Kanisa limelijibu. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII alisema na madaktari wa usingizi juu ya jambo hili. Alifundisha kwamba mtu ana wajibu wa kutunza uhai na afya, lakini kwa kawaida wajibu huo hudai njia za kawaida tu, kadiri ya hali ya mtu, mahali na nyakati. Yaani njia zisizomtwika yeye au wengine mzigo usiochukulika. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha vivyo hivyo juu ya matibabu mazito yasiyolingana na matumaini yake. Basi jamaa iwezayo na ijaribu, maana wako wanaopona na kurudi kulima. Jamaa isiyoweza haikutenda dhambi, wala mtu asiwanyoshee kidole kwenye msiba. Lakini angalieni: kushindwa kumpeleka kwenye kisu si kumwacha. Dawa zingaliko. Wagonjwa wengine wa kandida wasioweza kupasuliwa huendelea kuishi kwa kumeza flukonazoli kila siku, miaka na miaka. Na uamuzi ni wa mgonjwa kwanza, akiwa na akili zake. Tumeona mara nyingi wajomba na kaka wakubwa wakiamua uani, naye mwenye moyo amelala chumbani hajaulizwa.

Padri aitwe mapema. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1963, ulisema wazi kwamba Mpako si wa wale tu walio katika kukata roho. Na mgonjwa aendaye kupasuliwa kwa ajili ya maradhi ya hatari aweza kuupokea kabla ya safari, akiwa ameketi, akijibu sala kwa kinywa chake.

Waliopasuliwa salama nao hawajamaliza. Kuvu hurudi, pengine baada ya miezi, pengine baada ya miaka, nayo hukipenda kilango kipya kama ilivyokipenda cha zamani. Ndiyo sababu wengi huambiwa wameze flukonazoli, au vorikonazoli kwa wale wa asperigilo, kwa muda mrefu sana, hata maisha yao yote. Hapa ndipo tunapowapoteza watu. Mwaka wa kwanza humeza; mwaka wa pili wamenenepa, wanacheza ngoma, wanasema dawa ya nini tena.

Na dawa hizi zina ugomvi na dawa nyingine. Mwenye kilango cha madini humeza dawa ya kuzuia damu isigande, kama varfarini. Flukonazoli huiongezea nguvu sana, hata mtu aweza kuvuja damu ndani, kwa hiyo damu yake yataka kupimwa mara kwa mara. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, huidhoofisha flukonazoli na karibu kuizima kabisa vorikonazoli. Mama anayetumia flukonazoli nyingi kila siku asishike mimba kabla ya kusema na daktari, kwani yaweza kumdhuru mtoto tumboni, na wala asiache dawa kimya kimya kwa hofu hiyo. Majina ya dawa zote yaandikwe kwenye karatasi moja, ikae pamoja na kadi ya ubatizo ya mgonjwa, ionyeshwe kwa kila mwuguzi na kila muuza dawa.

Juma lijalo, Mungu akipenda, tutaeleza habari za maumivu ya koo ya watoto na ile sindano ya penisilini ya kila majuma 3 au 4, ambayo huvilinda vilango kabla havijaharibika. Wazazi wenye mtoto aliyekwisha kuugua viungo na koo na watuandikie maswali yao kabla ya Jumatano.